Puu, Katoweka: Georges Méliès Alivumbua Nini na Hakuvumbua Nini

Kila inaposambaa video ya mtu anayepiga kidole na nguo zikabadilika mwilini mwake, au kipande cha filamu ya Bongo Movie ambamo mchawi anatoweka na kuacha moshi, ubishi unaofuata huwa ni uleule. Mmoja atasema hiyo ni akili mnemba. Mwingine atasema ni programu tu ya simu, hata mwanawe wa darasa la nne anaijua. Wa tatu, aliyepitapita kwenye historia, atamtaja Mfaransa Georges Méliès na kudai kwamba ndiye aliyevumbua sinema. Wawili wa kwanza wamepotea njia. Wa tatu amefika mtaa wenyewe ila amegonga mlango wa jirani.

Méliès (tamka Meliyesi, na s ya mwisho isikike) hakuvumbua sinema. Hata ujanja wa kumtowesha mtu hakuuanza yeye. Alichofanya ni kuuchukua ujanja uliokuwepo na kuufanya kazi ya fundi, yenye vipimo, hesabu na mpangilio, akaitumia kazi hiyo kusimulia hadithi katika filamu 520 hivi kati ya 1896 na 1913. Ili tuelewane, tuanze na vitu vyenyewe.

Mkanda, fremu na mkono wa kamera

Filamu ya zama hizo ni mkanda wa seluloidi wenye upana wa milimita 35, na pembeni una matundu ambayo meno ya mashine huyashika ili kuuvuta. Juu ya mkanda zimepangwa picha mgando, moja baada ya nyingine, na kila moja huitwa fremu. Mita moja hubeba fremu 52 hivi.

Kamera ilizungushwa kwa mkono, kama cherehani ya mkono. Mpigapicha alizungusha mara mbili kwa sekunde, na kila mzunguko ulipitisha fremu 8. Jumla fremu 16 kwa sekunde. Kwa hiyo mita 20 za mkanda, urefu wa kawaida wa filamu ya mwaka 1896, ni dakika moja na sekunde chache. Mkanda unaotoka kwenye kamera ni negativu: cheupe huonekana cheusi na cheusi cheupe. Negativu huchapwa kwenye mkanda mwingine ili kupata nakala ya kuonyesha watu. Hesabu hizi zishikilie, maana humo ndimo ujanja wote ulimofichwa.

Mwongozaji, kwa maana ya leo, ndiye anayeamua nini kionekane, lini, na mwigizaji afanye nini. Kwa Méliès neno hilo lilibeba zaidi: aliandika hadithi, akachora mandhari, akasimamia maseremala, akaigiza mhusika mkuu, akagharimia, kisha akauza. Na kiinimacho, au mazingaombwe, ni onyesho la ujanja ambalo mtazamaji anajua kwamba anadanganywa na amelipa kiingilio ili adanganywe vizuri. Tofauti hiyo na uchawi Méliès aliielewa kuliko wenzake wote wa zama zake, kwa sababu ndiyo iliyokuwa riziki yake.

Alizaliwa Paris tarehe 8 Desemba 1861, baba yake akiwa na kiwanda cha viatu. Mwaka 1884 alipelekwa London, na huko akanaswa na maonyesho ya mazingaombwe ya Egyptian Hall. Mwaka 1888 aliwauzia ndugu zake sehemu yake ya biashara ya viatu, na kwa pesa hiyo akanunua Théâtre Robert-Houdin, ukumbi mdogo wa mazingaombwe katikati ya Paris.

Nani alitangulia

Tarehe 28 Desemba 1895, kwenye chumba cha chini cha Grand Café jijini Paris, ndugu Lumière walionyesha picha zinazotembea kwa watu waliolipa kiingilio. Méliès alikuwamo. Kwa maelezo yake mwenyewe, papo hapo alitoa dau la faranga 10,000 anunue mashine, akakataliwa. Akaenda London, akanunua projekta ya fundi Robert W. Paul, akaifumua na kuiunda upya ili ipige picha badala ya kuzionyesha. Mashine yenyewe ilikuwa na kelele kiasi kwamba aliifananisha na kinu cha kusagia kahawa.

Basi mashine ni ya akina Lumière, na kabla yao Edison huko Marekani alikuwa na yake ambayo watu waliichungulia mmoja mmoja. Hata cheo cha mwongozaji wa kwanza wa filamu za hadithi Méliès hawezi kukishika peke yake: mwaka huohuo wa 1896 Alice Guy, aliyekuwa katibu katika kampuni ya Gaumont, naye aliongoza filamu yake ya kwanza. Anayetafuta mtu mmoja wa kumvika taji atahangaika sana.

Basi la farasi lililogeuka gari la maiti

Hadithi inayopendwa zaidi ni hii. Méliès anapiga picha Place de l'Opéra, Paris, na kamera inakwama. Inamchukua dakika moja kuikwamua, kisha anaendelea. Anapouonyesha mkanda, basi la kukokotwa na farasi linageuka ghafla gari la kubebea maiti, na wanaume wanageuka wanawake. Aliisimulia mwenyewe mwaka 1907, na tangu hapo kila kitabu kimeirudia.

Ni hadithi tamu, lakini tukumbuke msimulizi ni mfanya mazingaombwe. Mwaka 1895, kabla Méliès hajagusa kamera, kampuni ya Edison ilishatoa filamu fupi ya kukatwa kichwa kwa Mary, Malkia wa Scotland: mwigizaji anapiga magoti, kamera inasimamishwa, mwigizaji anatolewa, mwanasesere anawekwa, kamera inaendelea, shoka linashuka. Kusimamisha kamera kulikwishajulikana.

Tena, kusimamisha peke yake hakutoshi, na hapa ndipo maelezo mengi ya mtandaoni yanapoishia njiani. Rudi kwenye cherehani ya mkono. Ukiachia mkono, cherehani haisimami papo hapo. Inapunguza mwendo kwanza, na mishono ya mwisho hukaa vibaya. Kamera nayo ni hivyohivyo. Mzunguko unapopungua, kila fremu inakaa mbele ya mwanga muda mrefu kuliko kawaida, na picha inatoka imepauka. Ukianza tena kuzungusha, fremu za mwanzo nazo zinapauka mpaka mwendo ushike. Kwa hiyo anayetegemea kusimamisha tu atapata mweko mweupe pale pale ambapo mtazamaji hatakiwi kugundua chochote. Juu ya hayo, waliobaki kwenye jukwaa huwa wamesogea kidogo, na fremu mbili hazikutani.

Dawa ya Méliès ilikuwa mkasi na gundi. Watafiti waliokagua nakala zilizobaki fremu kwa fremu wamekuta kiungo karibu kila mahali ambapo mtu anatoweka au kitu kinageuka. Kwa utaratibu, kazi ilikwenda hivi: mwigizaji anarusha mikono juu, mwongozaji anapaza sauti, wote wanaganda. Kamera inasimama. Anayetakiwa kutoweka anatoka, na wengine hawapumui kwa nguvu. Kamera inaanza tena, mchezo unaendelea. Baadaye, mezani, fundi anaifuata negativu fremu kwa fremu, anachagua fremu ya mwisho iliyo nzuri kabla ya kusimama na fremu ya kwanza iliyo nzuri baada ya kuanza, anatupa zote zilizopauka katikati. Anakwangua kwa wembe utando wa picha kwenye ukingo mwembamba wa ncha moja, anapaka gundi inayoyeyusha seluloidi, analaza ncha nyingine juu yake na kubana mpaka zishikane. Gundi ikizidi inatambaa na kuchafua fremu ya jirani; ikipungua, kiungo kinaachia.

Kuna jambo moja zaidi, na kwangu hili ndilo linalomtofautisha na waliomtangulia. Kiungo alikiweka katikati ya mwendo. Mwigizaji hatoweki akiwa amesimama kama mlingoti. Anatoweka akiruka, akianguka, akizungusha kitambaa, au moshi ukifumka. Macho ya mtazamaji yanaufuata mwendo, hayapati nafasi ya kukagua kama kiti kimesogea nusu sentimita. Fundi nguo mzuri huupitisha mshono kwenye maua ya kitambaa kwa sababu hiyohiyo.

Ukitaka kuhakikisha, jaribu na simu, na makosa ya 1896 utayakuta yote yanakusubiri. Simu ishikwe na tripodi au ibanwe mahali. Mkono wa mtu, hata uwe mtulivu vipi, hautarudi palepale. Bonyeza na ushikilie kidole kwenye skrini hadi mwanga na fokasi vifungwe, la sivyo simu itapima mwanga upya mara mtu mwenye shati jeusi anapotoka, na picha nzima itabadilika rangi: ule mweko wa Méliès umerudi kwa mlango mwingine. Usisimamishe kurekodi. Acha iendelee, mtu atoke taratibu, kisha ukate baadaye. Fanya haraka kabla wingu halijapita, maana kivuli kikibadilika hakuna mkasi utakaokuokoa. Wanaobaki wawekewe alama sakafuni kwa utepe wa gundi. Na kata wakati kitu kinasogea.

Mahameli meusi ni nta ya batiki

Ujanja wa pili ni mgumu zaidi: mtu mmoja kuonekana mara kadhaa kwenye picha moja. Katika filamu ya mwaka 1898, Méliès anaking'oa kichwa chake, anakiweka mezani, kinaota kingine, anakiweka tena. Mwaka 1900 alijionyesha akiwa wanamuziki saba waliokaa mstari mmoja. Mwaka 1903 alivirusha vichwa vyake kwenye nyaya za simu vikawa noti za muziki.

Anayejua batiki ataelewa haraka. Unapotaka sehemu ya kitambaa isishike rangi ya kwanza, unaipaka nta. Baada ya kuchovya, sehemu ile bado ni nyeupe, inasubiri rangi yake. Mahameli meusi yalifanya kazi ya nta. Kitambaa cheusi kabisa karibu hakirudishi mwanga wowote, kwa hiyo sehemu ya mkanda iliyolielekea giza lile hubaki haijapigwa, kama vile haijawahi kutumika. Unaurudisha mkanda nyuma ndani ya kamera, gizani, mpaka ulipoanzia, kisha unapiga upya: safari hii mtu anakaa kwenye ile nafasi iliyobaki tupu, na kila kitu kingine kimefunikwa weusi. Wanamuziki saba, basi mkanda umepita mara saba.

Sasa ile hesabu. Kwa kuwa kila mzunguko wa mkono ni fremu 8, mpigapicha anahesabu mizunguko. Ikiwa mwanamuziki wa kwanza anageuza shingo kumtazama wa pili kwenye mzunguko wa 20, basi wa pili, atakayepigwa baadaye kwenye mkanda uleule, lazima ajibu kwenye mzunguko wa 20 hasa. Akichelewa mizunguko miwili, amechelewa sekunde nzima, na watazamaji wataona watu wawili wasiojuana. Hakuna skrini ya kuangalia kilichopigwa. Kuna kuhesabu, na kumbukumbu ya mwigizaji ambaye ndiye huyohuyo mwongozaji.

Na kama ilivyo batiki, kosa la mwisho linakula kazi ya mwanzo. Mkanda ukichanika kwenye pito la sita, matano yaliyotangulia yamekwenda nao. Méliès mwenyewe aliandika kwamba kinachoudhi kuliko vyote ni mkanda kuharibika ukiwa umeshapita mara nyingi namna hiyo.

Kichwa kinachovimba, katika filamu yake ya 1901, ni tawi la ujanja huu. Kamera ilikuwa nzito na haikusogea. Aliyesogea ni yeye, amekaa kwenye kiti chenye magurudumu, mwili umefunikwa mahameli meusi mpaka shingoni, akivutwa kuelekea kamera ili kichwa kionekane kikikua. Njia ya kiti ilikuwa mteremko, haikuwa tambarare. Angevutwa kwenye njia tambarare, kichwa kingetanuka juu na chini kwa pamoja, na shingo ingezama chini ya meza iliyokuwa imekibeba. Kwenye mteremko, kila anaposogea mbele anapanda, shingo inabaki palepale mezani, na jicho linakubali kwamba kichwa kinajazwa upepo.

Nyumba ya vioo na rangi ya kijivu

Mwaka 1897 alijenga studio Montreuil, pembeni mwa Paris, mita 17 kwa 7, kuta na paa la vioo. Vioo kwa sababu mkanda wa zama zile ulikuwa mzito kushika mwanga na taa hazikutosha, hivyo kazi ilifuata jua. Vingi vya vioo hivyo vilikuwa vya kutawanya mwanga, maana jua kali la moja kwa moja lingeviangusha vivuli vya nguzo za paa juu ya mandhari iliyochorwa kuwa usiku wa mwezini.

Ndani, kila kitu kilikuwa cha kijivu. Mkanda wa wakati huo haukuiona rangi nyekundu: nyekundu ilitoka nyeusi, na samawati ikatoka nyeupe. Midomo mekundu ingekuwa shimo jeusi usoni, na anga iliyopakwa samawati ingefutika. Kwa hiyo mandhari, viti, hata mavazi vilichorwa na kushonwa kwa nyeusi, nyeupe na daraja za kijivu katikati yake.

Rangi tunazoziona kwenye baadhi ya nakala ziliongezwa baadaye, kwa brashi, fremu moja moja. Hiyo siyo filamu ya rangi kwa maana ya leo, ni filamu iliyopakwa. Kazi ilifanyika kwenye karakana ya Bi Elisabeth Thuillier jijini Paris, iliyoajiri wanawake zaidi ya 200, kila mmoja akishika rangi yake moja na kuupitisha mkanda kwa mwenzake. Chukua filamu ya safari ya mwezini ya 1902, *Le Voyage dans la Lune*: mita 260, yaani fremu zaidi ya 13,000 za ukubwa wa stempu, kwa kila nakala. Ndiyo maana nakala isiyopakwa iliuzwa faranga 560 na iliyopakwa 1,000.

Filamu hiyo ndiyo yenye mwezi uliotiwa roketi jichoni, picha ambayo wengi wameiona bila kujua ilikotoka. Ilichukua miezi mitatu na gharama ya faranga 10,000 hivi. Viumbe wa mwezini waliigizwa na wanasarakasi wa ukumbi wa burudani wa Folies Bergère. Nyota walikuwa wacheza densi wa Théâtre du Châtelet. Huwa inaitwa filamu ya kwanza duniani, na hilo ni kosa la miaka saba. Kilichokuwa kipya ni urefu wake, karibu dakika 14, na matukio 30 yanayofuatana kusimulia safari moja ya kwenda na kurudi.

Wala haikuonyeshwa kimya. Kumbini alikuwapo mtu wa kuisimulia kwa mdomo filamu ikiendelea, na Méliès aliandika maelezo ya kusomwa. Mkazi wa Dar es Salaam anayewajua ma-DJ wanaotafsiri filamu kwenye mabanda, au wa Kampala anayewajua maveejay, asidhani kazi ile ilianzia kwenye VHS.

“Edison alimfilisi”

Hii ndiyo dhana inayosambaa kuliko zote, na ina ukweli robo. Ni kweli makampuni ya Marekani, la Edison likiwamo na la Siegmund Lubin, yalinunua nakala za Méliès, yakazichapa upya na kuziuza bila kumpa senti. Mwaka 1903 alimtuma kaka yake Gaston kufungua ofisi New York ili walinde haki zao. Kabla ya hapo alizoea kuibandika nembo yake ya nyota ndani ya mandhari yenyewe, kama mwenye duka anavyoandika jina lake kila kona ya mfuko. Wezi waliikwangua kwenye negativu.

Lakini aliendelea kutengeneza filamu miaka kumi baada ya hapo. Kilichommaliza ni namna biashara ilivyogeuka. Mwanzoni filamu iliuzwa kwa mita, kama kitambaa. Mwenye kibanda cha maonyesho alinunua, akaionyesha mpaka ikachakaa, akarudi kununua nyingine. Kuanzia 1907 kampuni ya Pathé ikaanza kukodisha badala ya kuuza, na mwenye kukodisha anataka filamu mpya kila wiki. Pathé ilikuwa kiwanda chenye waongozaji wengi kwa wakati mmoja. Méliès alikuwa mtu mmoja, anayechora mandhari kwa mkono wake na kupitisha mkanda mara saba. Marekani nako muungano wa wazalishaji, ambao kampuni yake iliingia, ulidai urefu wa futi 1,000 kila wiki. Kwa kasi ile hakuna fundi wa namna yake angeweza.

Na tuseme ukweli, filamu zake zilikuwa zimezeeka. Kamera yake ilikaa mahali pamoja, kama bwana aliyenunua kiti cha katikati ukumbini, wakati wenzake walikuwa wameanza kuisogeza karibu na uso na kukata kutoka mahali hadi mahali. Wapo wanaosema hakujua. Sikubaliani nao kabisa: viungo vyake na mapito yake ya mkanda vilidai kamera isiyotikisika hata kidogo, na hadithi zake zote zilijengwa juu ya ujanja huo. Kuiachia kamera itembee kulikuwa ni kuiacha kazi yake. Watazamaji hawakumsubiri.

Mwaka 1911 alikopa kwa Pathé, dhamana ikiwa nyumba na studio yake. Filamu za mwisho hazikulipa. Gaston alizunguka Pasifiki na Asia na kikosi cha wapigapicha mwaka 1912 na 1913, akarudi na hasara na mikanda iliyoharibika. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, jeshi liliigeuza studio kubwa ya Montreuil kuwa hospitali na likachukua nakala nyingi za filamu ili seluloidi na madini ya fedha yaliyomo vitumike tena. Inasimuliwa kwamba sehemu yake ikawa visigino vya viatu, kwa mwana wa mtengeneza viatu. Hata hivyo si jeshi lililoteketeza negativu zake. Mwaka 1923, mali ilipochukuliwa na ukumbi wake wa Paris ukabomolewa kupisha barabara, alizichoma mwenyewe.

Baadaye alimwoa Jehanne d'Alcy, mwigizaji wake wa tangu 1896, na wakaendesha kibanda cha kuuza vitu vya watoto na peremende katika stesheni ya Montparnasse. Huko ndiko waandishi wa habari walikomkuta. Wakamfanyia tamasha kubwa mwaka 1929, na mwaka 1931 akavishwa nishani ya Légion d'honneur, aliyemvisha akiwa Louis Lumière. Alifariki tarehe 21 Januari 1938.

Alikoacha alama

Ushawishi wake usitafutwe kwenye sifa, utafutwe kwenye mikanda ya wengine. Edwin S. Porter alifanya kazi katika kampuni ya Edison, ileile iliyokuwa ikimnakili Méliès. Katika filamu yake ya wizi wa treni ya 1903, mtu anapigwa juu ya treni kisha anatupwa nje: kati ya kupigwa na kutupwa kuna kiungo, na anayetupwa ni mwanasesere. Hakuna mazingaombwe pale, kuna ujambazi, na ujanja wa Méliès umekuwa nyenzo ya kawaida ya kusimulia. Mhispania Segundo de Chomón aliuendeleza akiwa Pathé, hadi kusogeza vitu vidogo fremu kwa fremu vikaonekana vinatembea vyenyewe. Na kitambaa cha kijani kinachotundikwa leo nyuma ya mtangazaji wa hali ya hewa ni mjukuu wa mahameli meusi: bado ni kuiacha sehemu ya picha tupu ili ijazwe na kitu kingine.

Kati ya filamu zake zimebaki 200 hivi. Nakala iliyopakwa rangi ya safari ya mwezini ilipatikana Barcelona mwaka 1993, ikiwa imeshikamana na kuwa kama gogo. Ilichukua miaka kuibandua na kuikarabati, na ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2011.

Halafu kuna jambo ambalo hakulipanga. Ili New York iwe na negativu yake, kuanzia 1903 hivi alipiga filamu zake kwa kamera mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu: mkanda mmoja wa Ulaya, mmoja wa Marekani. Karne moja baadaye mafundi waliziweka pamoja nakala za pande mbili za filamu zake kadhaa za mwaka huo, ya kushoto kwa jicho la kushoto, ya kulia kwa la kulia, na zikatoka na kina kama filamu za miwani (3D). Kamera ya pili iliyowekwa kwa ajili ya wezi ilikuwa imesimama mahali pa jicho la pili.

Anayetaka kuanza kumtazama aanze na ile ya Oktoba 1896, *Escamotage d'une dame chez Robert-Houdin*, isiyozidi dakika moja na ushee. Méliès anatandaza gazeti sakafuni na kuweka kiti juu yake, ili tuone kwamba hakuna mlango wa chini, Jehanne d'Alcy anakaa, kitambaa kinamfunika, kinafunuliwa, hayupo. Isogeze taratibu pale anapokishika kitambaa, fremu kwa fremu. Achana na kiti. Tazama mikunjo ya kitambaa na mikono yake.